Pampu imepasuka kwa baridi, na Jumatatu naingia tangini

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, na sasa naishi Marekani, kando ya Ziwa Superior. Tangu wiki ya tatu ya Januari ni msaidizi wa mafundi kwenye meli za mizigo zilizolazwa gatini kusubiri barafu ipungue. Meli niliyopo ina urefu wa zaidi ya mita 200 na inajipakulia yenyewe kwa mkanda. Kazi yangu ni kumwaga maji kwenye mabomba, kubeba mitungi ya gesi, na kuwa mlinzi wa moto fundi anapokata au kuchomelea.

Nina mambo matatu. La kwanza, nilipewa pampu mbili zilizo chumba cha chini kisichokuwa na hita. Nilifunga valvu inayoingiza maji ya ziwa, nikafungua nati ya kumwagia iliyo chini ya pampu. Maji yalitiririka kidogo, yakawa matone, yakakata. Nikarudisha nati. Siku ya nne, baridi ikiwa nyuzi 27 chini ya sifuri, pampu ya kushoto ilikutwa na ufa wa karibu shubiri moja kwenye bodi. Nyapara anasema sikumwaga. Nilimwaga.

La pili, juzi fundi alimaliza kukata mabamba saa tisa na nusu. Hata dakika tano hazijapita, nyapara akaniambia niache kukaa bure, nikasaidie kubeba mbao upande wa mbele.

La tatu, Jumatatu tunaingia tangi la balasti, lile la maji ya kuipa meli uzito, kukwangua kutu. Nimeuliza habari ya hewa, nikajibiwa tundu lake limekaa wazi siku tatu, hewa ipo. Nina mke na mtoto wa miezi saba. Sitaki kufukuzwa kazi, wala sitaki kutorudi nyumbani. Nishauri.

Kijana wa Kigoma

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na pampu, maana hapo unalaumiwa kwa kosa ambalo si lako lote. Wewe ulimwaga, ila pampu haikuisha maji. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katika meli iliyolazwa tofauti hiyo huonekana baada ya siku nne, kama ulivyoiona.

Chukua dumu la mawese, lijaze, litoboe tundu moja chini bila kulegeza kifuniko. Litatoa kidogo, litagugumia, kisha litakataa. Hakuna hewa inayoingia juu kuchukua nafasi ya kinachotoka. Pampu ni hivyo hivyo. Juu ya bodi yake kuna kikoki kidogo cha hewa, au nati nyingine, na katika barua yako hukuitaja hata mara moja. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ninayoishuku. Ya pili ni uchafu. Tope, magamba ya kutu na kome wadogo wenye milia waliozagaa kwenye Maziwa Makuu ya huko hujikusanya palepale penye tundu la kumwagia, kwa sababu ndipo chini kabisa. Matone yakikata ghafla, tundu limezibwa. Maji yanayokwisha yenyewe hupungua polepole, hayakati kama bomba la mtaani.

Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Bodi ya pampu ni chuma cha kusubu, hakinyumbuki. Haihitaji kujaa ili ipasuke. Maji ya kikombe kimoja yaliyofungiwa kwenye kona isiyo na pa kupanukia yanatosha.

Safari nyingine fuata mpangilio huu. Funga valvu ya ziwa na uifunge lebo yenye jina lako na tarehe. Hakikisha umeme wa pampu umezimwa na kufungwa kwa kufuli. Fungua kikoki cha hewa cha juu kwanza, kisha nati ya chini, na uweke ndoo. Maji yakipungua, ingiza waya mgumu kwenye tundu la chini uchokonoe. Mara nyingi litakohoa tope na kutoa maji mengine lita moja au mbili. Zungusha shafti ya pampu kwa mkono mizunguko miwili mitatu, maana yapo maji yanayokaa kati ya mapanga ya ndani. Ndipo upulize kwa hewa ya kompresa, kutoka juu kwenda chini, tawi moja moja, matawi mengine yakiwa yamefungwa. Shinikizo la paundi 30 hadi 40 kwa inchi ya mraba linatosha. Ukifungua matawi yote kwa pamoja, hewa itapita kwenye bomba jepesi na kuliacha lenye maji. Puliza mpaka kisitoke hata ukungu.

Halafu nenda kafanye kazi nyingine kwa saa moja, urudi. Maji yaliyokuwa yameshika kwenye kuta za bomba yatakuwa yameteremka. Puliza tena. Na ile nati usiirudishe! Iweke kwenye kimfuko na ukifunge kwenye pampu yenyewe, tundu libaki wazi hadi Machi. Ukirudisha nati, tone lolote litakaloshuka baadaye halina pa kwenda.

Sehemu zinazosahaulika kila mwaka ni zilezile. Valvu za kupitisha upande mmoja, ambazo zina kitumbo chao na nati yao. Machujio. Mabomba membamba yanayokwenda kwenye saa za shinikizo. Mipira iliyolegea na kushuka katikati. Ncha za mabomba yaliyokatwa zamani na kuzibwa, hayaendi popote lakini yana maji. Vyoo na masinki, ambavyo havimwagiki kamwe kwenye ule mpindo wa chini. Humo mimina dawa ya kuzuia kuganda, ile ya propilini glaikoli, si ya ethilini ambayo ni sumu ikinywewa. Na koki zenye gololi tumboni: ukiifunga koki hiyo, maji hubaki ndani ya tundu la gololi, yakaganda na kuipasua kutoka ndani. Iache nusu wazi.

Jambo moja zaidi, na hili usilipuuze. Kama maji kwenye ndoo hayapungui baada ya saa nzima, yanatoka kwa kasi ileile, hayo si mabaki. Valvu ya ziwa inavuja, na unachomwaga ni Ziwa Superior lenyewe. Rudisha nati hiyo, mwite mhandisi hapohapo. Bomba likipasuka mbele ya valvu inayovuja, barafu yenyewe huziba ufa kama kizibo na hakuna anayejua, mpaka joto lirudi. Barafu ikiyeyuka, maji yanaingia chumba cha mashine usiku, na kwenye meli yupo mlinzi mmoja.

Sasa moto, na hapa naomba uwe mkaidi.

Nyapara wako anakimbizana na tarehe. Milango ya maji ya Sault Ste. Marie, ambayo meli hupitia kutoka Ziwa Superior kwenda maziwa mengine, kwa kawaida hufungwa 15 Januari na kufunguliwa 25 Machi, siku 69 tu, au 70 mwaka mrefu, na ndani ya siku hizo yafanyike yote: mabamba, mikanda, injini, ukaguzi. Namwelewa. Lakini mlinzi wa moto aliyekaa kimya baada ya fundi kuzima tochi ya gesi ndiyo kwanza anaanza sehemu kubwa ya kazi yake. Wakati wa kukata, kila mtu anaangalia cheche. Hatari ni ile iliyodondoka nyuma ya bomba, ikakaa kwenye vumbi la makaa au chini ya mkanda wa mpira, ikafukuta bila moshi wa kuonekana.

Tarehe 16 Februari 2019, mjini Toledo, Ohio, meli iitwayo St. Clair ilikuwa imelazwa kama hiyo yako. Nayo ni ya kujipakulia kwa mkanda. Mafundi walikuwa wameshaondoka, moto ukashika jioni. Wachunguzi wa ajali wa serikali, NTSB, walihitimisha kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni masalia ya moto wa kazi ya kukata na kuchomelea yaliyofukuta bila kuonekana karibu na vifaa vya mkanda. Hakuna aliyeumia, ila hasara ilipita dola milioni 100. Miaka miwili baadaye, 1 Februari 2021, ikaungua Roger Blough huko Sturgeon Bay, Wisconsin. Hiyo ilitokana na hita ya dizeli, iliyowekwa kupasha joto. Kwa hiyo unapopita penye hita inayonguruma peke yake ndani ya meli, hiyo nayo ni kazi ya moto, hata kama hakuna aliyeiandikia kibali.

Kanuni za OSHA, idara ya Marekani ya usalama kazini, kwa kazi za meli zinasema mlinzi wa moto hapewi kazi nyingine wakati kazi ya moto inaendelea. Ikiisha, anabaki angalau dakika 30, isipokuwa mwajiri au mwakilishi wake amekagua eneo na kuamua kwamba hatari haipo tena. Kukagua maana yake ni kupita pale, siyo kupiga kelele kutoka sitahani. Kiwango cha NFPA, shirika la Marekani la kuzuia moto, cha kazi za moto kiliongeza muda huo hadi saa 1 katika toleo la 2019, na kwenye meli yenye mkanda wa mpira mimi nahesabu saa moja, tena napendelea mtu apite tena kabla ya kufunga zamu.

Ukikaa hapo usikae kama mlinzi wa geti. Vua glavu, pitisha kiganja karibu na bamba upande wa pili wa ukuta uliokatwa, maana chuma hupeleka joto kule usikokuona. Kazi ikiwa ukutani, panatakiwa mlinzi pande zote mbili. Angalia hadi mita 11 kuzunguka, na chini kuliko unavyodhani, kwa kuwa cheche huteremka kwenye kila tundu la bomba na waya. Nusa. Mpira unaofukuta hutoa harufu kabla ya moshi.

Na kabla kazi haijaanza, jiulize utazima kwa kitu gani. Hili ndilo watu wa meli huligundua wakiwa wamechelewa: mabomba ya zimamoto ya sitahani yamemwagwa maji, pengine na wewe mwenyewe wiki iliyopita. Ukifungua koki hiyo hutapata kitu. Uliza kila asubuhi maji ya kuzimia yanatoka wapi leo, mpira wa kutoka gatini umeunganishwa au la, na haujaganda. Kizimamoto cha maji kitakuwa gogo la barafu. Shika cha unga, na usome kwenye lebo kinavumilia baridi nyuzi ngapi. Mafundi wakienda kula, mipira ya gesi isiachwe ikiwa na gesi ndani ya tangi hata kidogo, wala ndani ya chumba kilichofungwa kwa zaidi ya dakika 15. Ifungwe kwenye chanzo na ivutwe nje. Oksijeni ikivuja humo ndani, nguo yako inashika moto kama pamba iliyomwagiwa mafuta ya taa.

Tangi.

“Limekaa wazi siku tatu” si kipimo. Tundu moja lililo wazi juu ya tangi ni sawa na chupa isiyo na kizibo, hewa ya chini haijui kama kuna mlango. Kutu hula oksijeni. Tangi la balasti lililofungwa likiwa na unyevu, kuta zake zote zikipata kutu, hewa yake huchakaa taratibu bila harufu yoyote, na anayeingia haoni dalili. Magoti yanalegea tu akiwa kwenye ngazi. Tope la chini nalo likichokolewa huweza kuachia gesi inayonuka mayai viza, na gesi hiyo ikizidi huua pua kwanza, usiinuse tena.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kwa kuingia, mita isome kati ya 19.5 na 22, na gesi za kulipuka ziwe chini ya asilimia 10 ya kile kiwango ambacho zinaweza kushika moto. Inapimwa oksijeni kwanza, kisha za kulipuka, kisha sumu. Inapimwa juu, katikati na chini, kwa mpira mrefu unaoshushwa kabla ya mtu. Kwenye baridi ya huko, mita iliyolala garini betri yake huanguka na vihisi vyake huwa vizito, kwa hiyo itunzwe ndani ya koti na ijaribiwe kwa gesi ya majaribio asubuhi hiyo. Mwenye kupima ni mtu aliyeteuliwa na kufunzwa, na namba zake, saa na saini hubandikwa mlangoni pa tangi. Kama mtakata au kuchomelea ndani ya tangi lililowahi kuwa na mafuta au lililopakana na la mafuta, anahitajika mkemia wa meli mwenye cheti.

Feni isukume hewa kwa mkonga hadi chini, kona ya mbali na mlango, na pawe na tundu la pili la kutokea. Angalia feni hiyo inavuta hewa wapi. Ikiwa imewekwa karibu na hita ya dizeli au lori linalounguruma, mnajipulizia moshi. Kaboni monoksaidi haina harufu, na kiwango cha juu cha OSHA kwa zamu ya saa 8 ni sehemu 50 kwa milioni. Nje abaki mtu asiyeondoka, mwenye redio. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Najua kwetu kumwacha mtu ni aibu, lakini tangini anayefuata bila mtungi wa hewa huwa maiti ya pili.

Kuhusu nyapara, usimwendee kwa ubishi. Mwambie: “Niko tayari kuingia. Naomba kuona kibali na namba za hewa za leo, na wakati tunasubiri nipe kazi nyingine.” Maneno hayo yana uzito wa kisheria pia. Sheria hulinda anayekataa kazi pale anapoamini kwa nia njema kwamba ipo hatari ya kifo au jeraha kubwa, na mtu mwingine mwenye akili timamu angeona vilevile, ameomba irekebishwe ikashindikana, na hakuna muda wa kumsubiri mkaguzi. Usiondoke eneo la kazi mpaka uambiwe uondoke. Ukiadhibiwa kwa kuuliza, una siku 30 tu za kulalamika OSHA, simu 1-800-321-6742, na unaweza kuomba mkalimani. Andika kwenye daftari tarehe, saa, jina la tangi, na ulichoambiwa.

Hukuuliza, ila umetaja mtoto. Maji baridi yasiyo na chumvi hayali chuma kama bahari, ndiyo maana meli za maziwa huishi sana. Meli yenu Liemba ya Ziwa Tanganyika ilijengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Huko uliko, Alpena ya 1942 nayo ilidumu kazini kupita miaka 80. Meli kongwe ina rangi kongwe, na rangi kongwe ina madini ya risasi. Mwaka 2016, mjini Superior, Wisconsin, wafanyakazi waliokuwa wakibadilisha injini ya meli Herbert C. Jackson walikutwa na risasi mwilini kutokana na kukata na kuchoma chuma chenye rangi hiyo. Uliza kama rangi ya tangi lenu imepimwa. Vumbi la kukwangua linataka barakoa yenye vichujio iliyopimwa usoni mwako, siyo kitambaa. Nawa mikono na uso kabla ya kula, usivute sigara ndani, na nguo za kazi zibaki kazini. Mtoto wa miezi saba akilalia koti lako amekula zamu yako. Omba kipimo cha damu.

Baridi yenyewe naipitia haraka, wenzako watakufundisha. Acha soksi na fulana za pamba, vaa za sufu. Viatu viwe na nafasi, kinachobana huzuia damu. Beba glavu mbili za akiba. Kidole kikiwa cheupe na kufa ganzi usikisugue, kitie maji ya nyuzi 37 hadi 39. Ngazi ya gatini iangalie kila siku, kwa sababu meli inapotoa balasti huinuka na ngazi hubadilika mlalo. Na jaketi okozi livae hata kama maji yameganda, maana kando ya meli barafu huwa imevunjika. Ukitumbukia, dakika 1 ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, kisha una kama dakika 10 mikono ikiwa bado inashika.

Nirudi kwenye pampu, kwa sababu ziko mbili. Ya kushoto umenieleza. Ya kulia uliimwaga siku hiyohiyo, kwa njia ileile, na chumba ni hichohicho. Mwambie mhandisi leo, kabla ya jambo jingine lolote, kwamba nayo huenda ina barafu. Ipashwe joto polepole kwa hita ya umeme na turubai, isiguswe kwa tochi ya gesi, ndoo ikiwa chini na kikoki cha juu kikiwa wazi. Ikianza kudondosha mahali pasipo na tundu, mmeupata ufa wa pili Februari, wakati bodi nyingine bado inaweza kuagizwa.